Ndege wa Kioo Asiye na Jicho

Kila asubuhi, kabla ya kukalia cherehani, Mama Kofia alimpangusa vumbi ndege wake. Alikuwa ndege mdogo wa kioo cha bluu, kichwa kimegeuka nyuma kama mtu aliyeitwa njiani. Kaka yake ndiye aliyempuliza, kwa pumzi yake mwenyewe, alipokuwa akijifunza kazi ya vioo. Kisha kaka akaenda mji wa mbali kufanya kazi kiwandani. Ndege akabaki dirishani.

Jina la Mama Kofia lilitokana na kazi yake. Alishona kofia za wanafunzi, za wapishi, za walinzi, na za wazee wenye vipara wasiotaka mambo yao yajulikane. Mume wake alikuwa kinyozi. Majirani waliwatania kwamba mume anafyeka vichwa na mke anavifunika, basi nyumba hiyo haitakosa chakula.

Zamani kaka alipiga simu kila Jumapili. Halafu simu ya Mama Kofia ikatumbukia kwenye ndoo ya maji ya kufulia, ikafa na nambari zote. Laini haikuwa kwa jina lake, kwa hiyo hakuweza kuirudisha. Muda si mrefu wakahama nyumba. Kaka hakujua nambari mpya, wala mlango mpya. Miaka ikapita. Jumapili jioni Mama Kofia bado aliweka simu karibu, ingawa alijua haitalia. Alimkumbuka kaka yake mpaka kifua kikamuuma, na hakuona haya kusema hivyo.

Siku moja mchana mume wake aliingia, kitambaa cha kunyolea kikiwa bado begani. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Mke wangu, kaa kwanza."

"Si nimekaa? Sema, unanitisha."

"Kuna habari kwenye mtandao. Kile kiwanda cha vioo cha shemeji kimeungua. Wanasema hakupona hata mtu mmoja."

Mama Kofia alitazama simu. Aliona moto mkubwa, moshi mweusi, na maneno mekundu: TUMA KWA WATU WOTE UNAOWAJUA. Kofia aliyokuwa akishona ikaanguka chini. Hakulia kwa sauti. Alisema tu, "Na mimi sikumwahi," akalirudia neno hilo mara nyingi.

Habari zilienea mtaani upesi. Wa kwanza kuja kuwapa pole alikuwa jirani wa mlango wa pili, mwanamke anayefanya kazi maktaba. Watu walimwita Bi Mkutubi. Alimkumbatia Mama Kofia. Kisha akauliza kwa upole, "Mmejuaje?"

"Wateja watatu wamenionyesha, kila mmoja kwa simu yake, wakanitumia," alisema kinyozi. "Watu watatu, jirani! Tunafikiria kesho tuwatangazie ndugu msiba."

"Ngojeni kwanza. Naomba nione."

Bi Mkutubi alisoma polepole. Alifungua ukurasa uliotumwa na mteja wa pili, kisha wa tatu.

"Tazama, jirani. Kurasa zote tatu zina sentensi zilezile, na picha ileile. Sasa nikuulize. Mteja wa kiti cha kwanza akileta jambo, wa pili akalirudia, na wa tatu akalirudia, hapo una mashahidi wangapi?"

Kinyozi alijikuna kidevu. "Mmoja."

"Na huyo mmoja alikuwepo?"

"Pale kwangu? Mara nyingi hata hakuwepo. Habari ikifika kiti cha tatu inakuwa imeshaota ndevu."

"Basi na hapa ni hivyohivyo. Tumtafute wa kwanza. Nani ameandika? Hakuna jina. Lini? Hakuna tarehe. Amejuaje? Hasemi. Anachotaka ni uwatumie wengine tu."

Kisha akawaonyesha jambo ambalo hawakulijua. Simu inaweza kutafuta kwa kutumia picha badala ya maneno. Aliiweka ile picha ya moto, akasubiri. Picha ileile ikatokea kwenye gazeti la nchi nyingine, la miaka mingi nyuma. Lilikuwa ghala la magodoro.

"Magodoro!" Kinyozi alishika kiuno. "Mimi nimefunga duka kwa ajili ya magodoro!"

Bi Mkutubi alifungua pia gazeti la mji ule wa kaka, na ukurasa wa kikosi chao cha zimamoto. Waliandika hata habari ya jiko lililoungua kwenye hoteli ndogo. Kiwanda cha vioo hakikutajwa.

"Kwa hiyo kaka yangu yuko hai?" Mama Kofia aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sijasema hivyo, mwenzangu. Nasema habari hii ni ya uongo. Alipo bado hatujui. Umewahi kumtafuta mtandaoni?"

"Nimemtafuta sana. Nimeandika mpaka nimechoka."

Alimpa simu. Bi Mkutubi alisoma aliyoyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia: *Shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Namtafuta kaka yangu mkubwa, ni mpole, anapenda kucheka, aliondoka siku nyingi. Nitashukuru sana ukinisaidia.*

"Salamu iliitikiwa?" Bi Mkutubi aliuliza huku akizuia kicheko.

"Wapi! Nikajua tu ina kiburi."

Wote watatu wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mchana.

"Hiyo si mtu, mwenzangu. Inatafuta kurasa zinazolingana na maneno yako. Kwa hiyo jiulize, ukurasa unaomtaja kaka yako utakuwa umeandikwa maneno gani?"

"Hautasema kwamba ni mpole?"

"Huenda. Lakini wapole ni wengi. Andika majina yake mawili. Weka alama za kunukuu mwanzo na mwisho, ili majina yatafutwe pamoja."

Mama Kofia aliandika. Wakatokea mchezaji wa mpira, mgombea wa uchaguzi, na muuza matairi.

"Wamemwibia jina!" alisema kinyozi.

"Tuwapunguze. Ongeza kazi yake na mji wake."

Aliongeza *kiwanda cha vioo* na jina la mji. Hakuna kitu. Mama Kofia akashusha mikono.

"Usikate tamaa. Badilisha neno. Labda hayuko kiwandani tena. Kaka yako alikuwa anafanya nini hasa?"

"Kupuliza. Tangu utoto. Alikuwa akipuliza mapovu ya sabuni kwa kikonyo cha jani la mpapai, nami nayakimbiza uani mpaka naanguka." Akamtazama ndege dirishani. "Ningetoa chochote niyakimbize tena."

Akafuta *kiwanda*, akaandika *kupuliza vioo*. Zikatokea kurasa mbili.

Wa kwanza ulisema kwa herufi kubwa: TUNAJUA NDUGU YAKO ALIPO. Ulitaka ajaze jina lake, nambari ya kitambulisho na neno lake la siri. Mama Kofia alikuwa ameshaanza kujaza. Bi Mkutubi akamshika mkono.

"Nani hawa?"

"Wanasema wanajua alipo!"

"Nakuona unavyotaka iwe kweli. Nao wanategemea hapohapo. Wamejuaje una ndugu anayetafutwa? Wanamwambia hivyo kila anayefungua. Neno la siri halitafuti mtu, linafungua mlango wako."

Mama Kofia alifunga ukurasa ule kwa shida, kana kwamba anamfungia kaka yake nje.

Wa pili ulikuwa wa chuo cha ufundi. Kulikuwa na picha ya wanafunzi mbele ya tanuri. Nyuma yao, kwenye rafu, walipangwa ndege wadogo wa kioo. Wote vichwa vyao vilikuwa vimegeuka nyuma.

"Ni yeye!" Mama Kofia alipiga kelele. "Mume wangu, tazama ndege!"

"Taratibu," alisema Bi Mkutubi, ingawa macho yake yalikuwa yamelowa. "Habari njema nayo tunaiuliza maswali yaleyale. Nani ameandika?"

Mama Kofia alivuta pumzi, akasoma. "Chuo chenyewe. Anwani iko hapa. Tarehe ni ya mwezi uliopita. Chini wameandika jina la mwalimu." Jina lilikuwa la kaka yake. "Lakini jina linaweza kuwa la mtu mwingine. Hata ndege anaweza kuigwa."

"Sasa umekuwa mkutubi. Tufanyeje?"

"Tupige simu ofisini kwao."

Kesho yake asubuhi walipiga nambari iliyokuwa kwenye ukurasa wa chuo. Karani akasema mwalimu yuko tanurini, atamwita. Mama Kofia alisubiri, amemshika ndege mkononi. Mume wake aliacha kunoa wembe. Hatimaye sauti ya mwanamume ikasema, "Haloo?"

Ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka. Moyo wake ulitaka kuamini hapohapo. Lakini alijizuia.

"Samahani, mwalimu. Dada yako ana ndege wa bluu. Ndege huyo ana kasoro gani?"

Kwanza alisikia tu tanuri likinguruma kwa mbali.

"Hana jicho la kushoto," ile sauti ilisema polepole. "Nilimwambia dada yangu, ukija kunitembelea nitalitia. Miaka yote nimemwekea. Wewe ni nani? Umejuaje?"

Mama Kofia alilia tu, na kaka yake akaujua kilio kile.

Siku hizi kwenye kioo cha kinyozi pamebandikwa karatasi: *Nani amesema? Lini? Amejuaje?* Mteja akileta habari, anaulizwa kabla hajafungwa kitambaa. Wengine wananuna, wengi wamezoea.

Mama Kofia naye alifunga cherehani kwa wiki moja, akapanda basi. Alimviringisha ndege ndani ya kofia mpya aliyomshonea kaka yake, akampakata njia nzima. Aliporudi alimweka dirishani palepale, sasa akiwa na macho yake mawili.