Bendi Isiyo na Mwenyewe

Redio ya jikoni ilikuwa imezimwa, lakini ilikuwa inatafuna.

Dalvina alidhani mama yake anakula. Akageuka. Mama, Dona Eunira, alikuwa kibarazani, anaitazama mvua ya mchana ya mji wa Belém, mdomo kaufumba. Mlio ukaendelea, wa mate na ulimi, kama wa mtu anayefyonza mfupa.

Mwezi huo kampuni ya simu aliyoifanyia kazi Dalvina ilikuwa imewasha mnara mpya. Mnara huo ulitumia bendi ya masafa ya redio iliyotelekezwa miaka nenda miaka rudi kwa sababu ya mvumo uliomshinda kila fundi. Dalvina ndiye aliyebuni kichujio cha kuunyamazisha, akakikatia hataza, hati ya kumiliki uvumbuzi, akapigiwa makofi.

Walipokaa kula, harufu ya samaki aliyeoza ilitoka kwenye simu zote mbili. Mama akachota uji wa matunda ya asai, akameza, akasita, akaingiza vidole kinywani akaanza kuvuta unywele mweusi wenye utelezi, akavuta, akavuta, na kadiri alivyovuta ndivyo taya zake zilivyozidi kutafuna, mate mazito yakimchuruzika kifuani, mpaka sauti isiyo yake ikanong'ona, "Mmenifukuza kwangu. Nitakaa humu."

Dalvina aliruka kitini. Kisha akakimbia mtaa wa pili kumwita mganga, Dona Zulmira.

Mganga aliziba pua mlangoni. "Ptuu! Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimenyamazisha mvumo tu, mama."

"Mvumo! Yule anayevuma alikuwa kwake, hana habari na mtu. Mrudishie nyumba yake, la sivyo atammaliza mama yako kwa ndani."

Dalvina alikwenda mnarani kwenye mvua hiyo hiyo, akang'oa kichujio. Aliporudi alimkuta mama ametapika donge la nywele kubwa kama ngumi, linatweta sakafuni. Zulmira akalizoa kwa koleo, akalichoma uani. Mama akaomba maji, akanywa, akalala.

Asubuhi Dalvina alimpigia mkurugenzi, Seu Gilvandro.

"Bosi, nakusihi, kichujio kisifungwe tena. Hataza yenyewe naifuta."

"Unaifuta wewe? Ulishatusainia, binti, hataza ni yetu. Kichujio kingine tumekifunga jana jioni." Akacheka. Kicheko kikakatika, simu ikabaki na sauti ya kitu kigumu kinachovunjwa polepole.

"Bosi?"

Kwa mbali akasikika katibu wake akilia, "Seu Gilvandro, acha! Jamani, acha, hivyo ni vidole vyako!"