Taa Langoni kwa Maureen

Jumamosi asubuhi, Lorna Baptiste alikaa mbele ya kompyuta na kikombe chake cha kahawa, akaingia katika mji wa Kivuko kama alivyozoea. Mama wa kivuko, kikaragosi anayepokea wageni, alimgeukia, akainua mkono, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Lorna alitoka, akaingia tena. Mdomo ulifunguka, ukafumbika. Kimya.

"Mungu wangu," alisema peke yake jikoni. "Maureen."

Kivuko ni mji ulio ndani ya mchezo wa kompyuta. Kampuni iliyotoa mchezo wenyewe haikujenga hata kibanda kimoja pale. Tuliujenga sisi wachezaji, jioni baada ya kazi zetu, bila kulipwa chochote. Maureen Koskela wa Thunder Bay ndiye aliyeupa sauti. Kila aliyefika aliambiwa naye, "Umechelewa, lakini ingia, supu bado ya moto." Saratani ilimchukua majira ya baridi yaliyopita. Mumewe, Reino, hajui kucheza hata kidogo, lakini kila siku alifika kivukoni, akasalimiwa, akaondoka. Sote tulijua, na tulimpisha.

Lorna alikuwa polisi wa kitengo cha ulaghai hadi alipostaafu. Kwetu alikuwa msuluhishi wa bure, wa kutuliza ugomvi na kuwafunga midomo watukutu. Alipekua ghala la pamoja tunakohifadhi kazi zetu, akakuta sauti zote za Maureen zimefutwa alfajiri, na ghala halikuonyesha aliyezifuta. Na kwa kuwa nakala za kompyuta za wajenzi hujibadilisha zenyewe kulifuata ghala, zilikuwa zimefutika kwa kila mtu.

Kabla ya mchana watu walishampata mhalifu wao, Ansel Friesen, kiongozi wa wajenzi. Jumatatu alitarajiwa kuukabidhi mji wote kwa kampuni, naye aliahidiwa ajira huko. "Amewapelekea sauti kimyakimya, kisha akafuta zetu!" waliandika. "Msaliti! Umemuuza marehemu!" Wengine hawakuona haya, wakamtukania na mkewe.

Lorna alinunua maandazi yenye sukari ya pinki ambayo Maureen aliyapenda, akaenda kwa Reino, mitaa michache tu kutoka kwake. Reino alifungua mlango akiwa na soksi za sufu. Alipoambiwa, alikaa polepole.

"Zote?" aliuliza.

"Zote, kaka. Nimetafuta kila mahali."

"Basi hata pale chini ya daraja, alipokuwa akiimba huku mdomo kaufumba, hayupo tena." Alikata andazi, asile. "Achana nalo, Lorna. Ukimjua aliyefanya, Maureen atarudi?"

"Hatarudi. Lakini kuna mtu anatukanwa."

"Nani?"

"Ansel."

Reino alikiweka kisu chini. "Ansel? Wamemwonea," alisema, akageukia dirisha.

Aliporudi nyumbani alimpigia simu Ansel, aliyekuwa mji wa Winnipeg.

"Na wewe umekuja kunisulubu, dada?"

"Nimekuja kuuliza. Umefuta wewe?"

"Nifute kitu ninachotakiwa kukabidhi Jumatatu? Hao jamaa walitaka sauti ile kuliko majumba yote! Walitaka kuilisha kwenye mashine ijifunze, halafu iseme chochote watakacho. Matangazo, salamu za Krismasi, lolote. Asubuhi hii wameniambia bila sauti hakuna ajira."

"Nani walijua mpango huo?"

"Wajenzi wote. Na Reino, nilimwambia kwa heshima ya mkewe. Akanishukuru." Ansel alishusha pumzi. "Halafu huyo mwizi ni chizi. Kabeba sauti, kabeba na upepo."

"Upepo gani?"

"Ule unaovuma chini ya daraja. Ghalani umeandikwa 'upepo'. Sasa upepo wa nini?"

Lorna alimwomba arudie. Alirudia, akilalamika.

Jina jingine lilitajwa kwenye ubao wetu wa ujumbe, la mchezaji aliyeonekana mjini alfajiri. Lilikuwa la Brodie Pelkey, baba wa watoto wawili mtundu kuliko wanawe. Lorna alikuwa amemfungia asiandike ubaoni kwetu kwa sababu ya kejeli zake, lakini kutembea mjini aliruhusiwa.

"Afande!" Brodie alipokea simu akicheka. "Si ulinifunga mdomo? Leo unautaka wa nini?"

"Alfajiri ulikuwa Kivuko."

"Nilikuwepo, na sikugusa kitu. Nilikuta taa ya langoni inawaka, nikarudi zangu. Mimi mshenzi, sawa, lakini taa naiheshimu."

"Una hakika ilikuwa inawaka?"

"Nina macho, afande. Na mwizi gani huyo wa kuwasha taa? Huyo ni wa ndani, nakuapia." Kicheko kilimwisha. "Yule mama alikuwa ananiambia niingie hata siku ambazo nyote mmeninunia. Ukimpata, niambie."

Taa ndiyo desturi yetu. Anayetaka kubadilisha chochote mjini huwasha kwanza taa ya langoni, mwingine asije akajenga juu ya kazi yake, na akimaliza huizima. Mtu wa kampuni asingejua. Mwizi wa nje asingejali. Na aliyefuta upepo alijua kwamba haukuwa upepo bali Maureen akiimba, jambo ambalo hata kiongozi wa wajenzi hakulijua. Lorna naye hakulijua hadi siku ile, alipolisikia kwa Reino mezani. Alivaa koti, akarudi kwa Reino.

Andazi lilikuwa bado mezani, nusu mbili.

"Reino, nani alikufundisha kuwasha taa?"

Mzee hakujitia kutoelewa. "Maureen. Nilikuwa nakaa pembeni yake akifanya kazi. 'Taa kwanza, Reino, watu wasikanyagane.' Niliingia kwa jina lake. Ningeingiaje bila kuwasha?"

"Na wimbo wa chini ya daraja?"

"Maikrofoni niliishika mimi. Tulijifungia kabatini, tumejifunika blanketi, friji isisikike. Akachoka, akaanza kuimba kidogokidogo, hajui kwamba sijazima. Alicheka sana! Akasema tuutie darajani, tuwaambie ni upepo."

Alijifuta macho kwa mkono mzima.

"Niliwaandikia kampuni wamwache. Wakanijibu kwa adabu kwamba alishatoa sauti zake, basi ni za mchezo. Kweli alitoa, Lorna. Aliwapa watu wanaofika wamechoka. Hakutoa ili atiwe mdomoni maneno ambayo hakuyasema. Ningefika pale siku moja, mke wangu aniambie ninunue upanga wa mchezo wao!"

"Nakala ya kwako umebaki nayo?"

"Sikubakisha. Ningebaki nayo, ningewapa. Wangeniambia, mzee, tutamfanya akuite jina lako. Ningekataa kwa nguvu gani?"

Lorna alilia pale pale, hakujificha. Kisha alisema, "Ansel amekosa kazi. Na watu wanamla nyama."

"Nilidhani wataona ni hitilafu ya mitambo. Sikujua watamshika mtu." Reino alisimama, akatafuta miwani yake. "Waite wote waje."

Jioni ile tulijaa kivukoni. Taa ya langoni iliwaka, na jina la Maureen likatokea. Wallahi, nilidhani amerudi. Kisha tulisikia sauti ya mwanamume ambayo hatukuwahi kuisikia.

"Ni mimi niliyefuta. Ansel hana kosa. Mkitaka kunifungia nje, sawa." Akatueleza yote, kama alivyomweleza Lorna.

"Nani akufungie, mzee?" alisema Brodie, ambaye Lorna alikuwa amemfungua mdomo jioni hiyo.

Ansel alisogea mbele. "Ungeniambia, Reino. Ningezifuta kwa mkono wangu."

"Na kazi yako?"

Tulisikia mtoto wake akiita kwa mbali.

"Sijui," alisema.

"Na mimi sikujua," alisema Reino. "Ndiyo maana sikukwambia. Nisamehe, mwanangu."

Alimwendea mama wa kivuko. Yule akainua mkono, akafungua mdomo, akaufumba.

"Najua," Reino alimjibu. "Nimechelewa."

Alisubiri kiasi cha maneno yale ya supu kusemwa, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuyasema badala yake. Kisha akarudi langoni, akazima taa kama alivyofundishwa, akaondoka.