Redio Inayosikika Baharini

Mume na mke walikuwa madobi wa meli. Mke alifua na kupiga pasi katika chumba cha chini, mvuke umejaa hadi dirishani. Mume alifunga mafurushi, akayapeleka kwa boti ya injini kwenye meli zilizotia nanga nje ya bandari. Huko simu hazishiki. Kwa hiyo walinunua redio mbili za mkononi, kama zile za walinzi wa getini.

"Nahodha wa mashuka, umefika?" mke aliuliza kila safari.

"Nimefika, bosi wa pasi!"

Asubuhi moja injini ilizimika katikati ya njia ya meli. Mume alivuta kamba ya injini mpaka mikono ikafa ganzi. Wapi! Na meli ya mizigo ilikuwa inamjia.

Alibonyeza redio. "Mke wangu, injini imekufa! Meli inakuja!"

Mke alimsikia vizuri. Aliacha pasi, akakimbilia mlangoni. Lakini afanye nini? Meli ilikuwa karibu na mumewe kuliko yeye, nayo haikusikia neno. Mara wimbi likapiga boti. Redio ikamponyoka mume, ikazama.

"Baba watoto! Baba watoto!" mke aliita.

Mume alirarua furushi, akatoa shuka jeupe, akalipunga kwa nguvu zote. Baharia mmoja aliliona. Meli ikapinda polepole, ikampita. Mawimbi yake nusura yapindue boti. Baadaye mashua ya wavuvi ilimvuta hadi bandarini.

Jioni jirani yao alikuja kuwapa pole. Watu walimwita Bi Sikio, maana kazi yake bandarini ni kusikiliza redio za meli. Alimkuta mke ameduwaa, macho mekundu.

"Dada, redio ilikuwa nzima," mke alisema. "Mimi nilimsikia. Mbona meli haikusikia?"

"Hewani kuna njia nyingi, mdogo wangu. Redio yenu inatumia njia za nchi kavu. Meli zinasikiliza njia za baharini. Shemeji alibisha hodi mlango usiokuwa wa meli."

"Sasa mlango wa meli ni upi?" mume aliuliza.

"Redio ya mkononi ya baharini. Ina chaneli ya kumi na sita. Meli zinaisikiliza, na sisi bandarini tunaisikiliza mchana na usiku. Ukiita hapo, hakusikii mtu mmoja tu. Wanakusikia wote walio karibu."

"Na ikianguka majini?"

"Nyingi haziingii maji, na baadhi huelea. Uliza kabla ya kununua. Kisha ifunge kwenye koti lako la kuokolea maisha." Alimtazama. "Koti unalo?"

"Sina. Nitanunua pamoja na redio," mume alisema.

"Basi tununue redio mbili, moja yangu!" mke alisema.

"Hapana. Hizo si za kutumia nyumbani. Hata mumeo aulize kwanza kama zinahitaji kibali. Na chaneli ya kumi na sita si ya kuulizana mboga!"

Wote wakacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mume alipopata redio ya baharini na koti, Bi Sikio alimfundisha: bonyeza, sema, achia, sikiliza. Maisha yakiwa hatarini, sema "Meidei" mara tatu, kisha jina la boti, mahali ulipo, shida yako na idadi ya watu. Walifanya mazoezi redio ikiwa imezimwa. Mke alijifanya bandari.

"Sijasikia uko wapi!" alifoka. "Rudia!"

Mume alirudia mpaka akaweza bila kusita.

Msimu wa ukungu ulipofika, siku moja mume alichelewa kurudi. Mke alikuwa akichungulia nje mara kwa mara. Simu ikalia. Alikuwa Bi Sikio.

"Kuna nini, dada?"

"Tulia, mumeo mzima. Kuna boti ilikuwa inazama, ikaita Meidei. Yeye ndiye aliyekuwa karibu. Alijibu, akaifuata kwenye ukungu. Amemwokoa baba na binti yake. Maji yalikuwa yamewafika kiunoni."

Mke alikaa chini, akashusha pumzi.

"Wako wapi sasa?"

"Wanakuja kwako, wanatetemeka kwa baridi."

Mke aliinuka, akabandika maji ya chai kwenye sufuria kubwa kuliko zote.