Nyumba Isiyotumia Mwanga

Taakili ya sebuleni ilimtazama Mhandisi Domitila Shayo akinyanyua kikombe, ikakimwagia kikombe mwanga wa kukitosha, si zaidi. Alipokiweka mezani, giza likarudi. Domitila alitabasamu. Alikuwa ametumia miaka kumi na miwili kuiunda balbu hiyo yenye jicho na akili ya kujua mtu anataka kuona nini, na kila asubuhi alijipongeza upya, maana hakuwa mtu wa kungoja kupongezwa na wengine.

Jiji la Minara lilimhitaji, hilo tusimnyime. Majengo yalikuwa yamesongamana hivi kwamba ghorofa za chini hazikulijua jua, na taa ziliwaka humo mchana kutwa. Watu, kwa uzembe wao, maana hivyo ndivyo Domitila alivyowaona watu, walikuwa wakiwasha nyumba nzima ili kutafuta ndala moja. Taakili ikaukomesha upuuzi huo. Ukisoma, inamulika ukurasa. Ukipika, inamulika sufuria. Ukikaa kupiga soga na mwenzio, inafifia mpaka giza, kwa kuwa soga ni kazi ya masikio. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo iliyompatia nishani. Aliiandika kwa mkono wake: Mazungumzo hayahitaji mwanga. Wakubwa wa Mamlaka ya Mwanga waliipigia makofi, wote wana masikio mazima. Gharama ya taa majumbani ikashuka kwa theluthi mbili, na kichwa cha Domitila kikavimba kwa kiasi hicho hicho.

Asubuhi hiyo alikuwa anakwenda kumtunuku bingwa. Kati ya nyumba laki tatu, moja ya ghorofa ya pili katika Mnara wa Arobaini ilikuwa imepitisha miezi minane bila kutumia mwanga, ila wakati wa kupika na kula.

"Ni wazee wawili tu, mtu na mkewe," alimwambia Hemedi, mpiga picha, wakiwa kwenye lifti. "Hawajakanyaga hata darasa la kwanza, lakini wamewashinda maprofesa. Uwapige vizuri."

"Wamewezaje?"

"Nidhamu. Kitu ambacho wengine hawana."

Mlango ulifunguliwa na mama wa makamo aliyejitambulisha kwa jina la Restituta. "Karibuni. Bi Kordula ni mama yangu mkubwa. Yeye na Mzee Anselmo ni viziwi tangu kuzaliwa, kwa hiyo msinishangae nikisema nao kwa mikono."

"Viziwi? Vizuri zaidi," alisema Domitila. "Watazamaji wataguswa."

Ndani, wazee walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, gizani, wameshikana mikono. Domitila aliwatazama kwa kuridhika. Hata kukaa kwao aliona ni kubana matumizi.

"Waambie wamekuwa mfano kwa taifa," aliagiza.

Restituta aliwageukia, taakili ikawaka kidogo. Akainua mikono kuanza kusema. Jicho la balbu likaona watu wanaoelekeana na mikono inayopepea, likatambua soga, likazima. Restituta akabaki na mikono yake hewani.

"Umeona mwenyewe," alisema. "Nimekuandikia barua sijui ngapi. Jibu ni lile lile kila mara. Mazungumzo hayahitaji mwanga. Na chini yake jina lako."

Domitila hakuwahi kuiona barua hata moja. Zilijibiwa na mtambo, na mtambo huo aliufundisha yeye.

"Si wangewasha mshumaa?"

"Mishumaa mlipiga marufuku, dada. Tochi mkaja kuzikusanya, na za simu mkazifunga."

"Basi waandikiane."

"Nani aliwafundisha kuandika? Na mzee miguu haimfikishi tena nje. Sasa wanabinyana viganja. Njaa, maumivu, choo, hayo wanaelewana. Mengine wameyaacha. Nakuomba, iache taa yao iwake. Ni neno lako moja tu."

Domitila alipiga hesabu haraka, hesabu ya watu wa aina yake. Akiruhusu, wakubwa wangeuliza kwa nini hakuliona mapema. "Tutalitazama baada ya picha," alisema. "Hemedi, washa."

Taa ya kamera haikuwa mali ya Mamlaka, haikuomba ruhusa kwa mtu. Chumba kikawa cheupe hadi pembeni. Domitila akasonga mbele na cheti, akatengeneza uso wa kupigwa picha. Bi Kordula hakukiona cheti wala uso. Alichomoa mkono kwenye kiganja cha mumewe, akamgeukia, akaanza kusema kwa vidole vyote kumi. Mzee Anselmo alitumbua macho. Mikono yake ikajibu, kisha wote wawili wakawa wanakatizana maneno.

"Waambie watazame kamera," alisema Domitila. "Wanasema nini?"

Restituta alikuwa analia. "Mama anamuuliza kwa nini amemnunia miezi yote hii. Mzee anasema alidhani aliyenuna ni mama."

"Na sasa?"

"Sasa ni ya kwao. Hayakuhusu."

"Zima, Hemedi. Tumemaliza."

Hemedi aliisogeza taa karibu na benchi, akaketi sakafuni. "Betri ina dakika arobaini," alisema bila kumtazama. "Zikiisha, atakayewarudisha gizani ni wewe."

Domitila aliona aibu, nayo ikageuka hasira upesi, kama ilivyo kwa watu waliozoea kusifiwa. Alitoa kidaftari chake cha umeme, akafungua kanuni yake. Kibali cha kuilegeza kilikuwa na maswali mawili. La kwanza liliuliza: nyumba hii tu, au nyumba zote za viziwi? La pili liliuliza sababu.

Taakili ya dari ikawaka, ikatulia. Domitila aliweka cheti juu ya meza, akatoka bila kuaga, na wazee hawakuwa na nafasi ya kumtazama.

Restituta aliusoma ujumbe wa kibali ulipofika kwenye simu yake. Palipoulizwa nyumba zipi, palijibiwa: hii tu. Palipoulizwa sababu, paliandikwa: uzembe wa watumiaji.