Kinyozi na Sista Kicheko

Ko! Kikombe kiligonga meno gizani, kabla hakujapambazuka. Maji yakamwagika kwenye shuka.

"Hata kunywa umesahau?" mke alimwuliza mumewe, kinyozi. "Au unamuwaza Sista wako?"

Tangu kinyozi augue leukemia, yaani saratani ya damu, mdomoni mwake ni nesi wa wodi tu. Sista Kicheko kasema hiki, Sista kasema kile. Mkewe, fundi wa kushona, wivu ulimkaba. Wiki iliyopita aliwafuma kliniki. Mumewe alikuwa akimtabasamia Sista kwa upande mmoja wa mdomo. Tabasamu la madoido namna ile yeye hajapewa hata siku ya harusi!

Mke aliporudi nyumbani, alificha kadi ya kliniki yenye tarehe ya kurudi kwenye kopo la nyuzi.

"Damu yako si imeshakuwa safi? Unaenda kufanya nini?"

Kinyozi aliogopa sindano ya mgongoni. Hakubisha. Siku ya kadi ikapita.

Sasa kulikucha. Kinyozi alinyoa ndevu, damu ikachirizika kidevuni.

"Umejikata, baba!" mkewe alishtuka.

"Wapi? Mbona sisikii kitu?"

Akamtabasamia mkewe ili kumtuliza. Mdomo ukaenda upande mmoja, kama siku ile kliniki. Jicho la kushoto likakataa kufumba. Mbio mke akaenda kwenye kopo la nyuzi, akatoa kadi.

Hospitalini Sista hakucheka.

"Dada, siku ya kwanza seli zake nyeupe zilikuwa nyingi kupita kiasi. Hiyo ni hatari. Aina fulani za leukemia nazo zina hatari hiyohiyo. Ugonjwa unaweza kujificha kwenye maji ya ubongo na uti wa mgongo, hata damu ikiwa safi. Ndiyo maana tunayapima kwa sindano ya mgongoni, tunatia dawa humohumo. Kidevu kikifa ganzi, mdomo ukienda upande, akiona vitu viwili viwili au maumivu ya kichwa yakigoma kupoa, msingoje siku ya kadi. Njooni siku hiyohiyo."

"Kadi niliificha mimi," mke alisema. "Nilikuonea wivu."

"Mimi? Na miguu hii iliyovimba kwa zamu?" Kicheko kikamtoka. "Haya, kuanzia leo mtunza kadi ni wewe."

Kweli, ugonjwa ulikutwa kwenye maji hayo. Sindano zikaongezwa. Mke alimsindikiza, hakukosa hata moja. Kadi aliitundika juu ya cherehani.

Miezi ikapita, maji yakawa safi. Asubuhi moja kinyozi alikuwa mbele ya kioo, mkewe akimtania. Binti yao akawakodolea macho.

"Baba anacheka pande zote mbili."