Shamsia Akataa Kufuta

Kila jioni baada ya usafi, klabu ya hisabati ya shule moja mjini Bagamoyo ilikutana uwanjani. Mwalimu Klementina aliwapa kanuni moja tu: tembea mwendo wa kawaida, tazama wenzako walio karibu, elekea wanakoelekea wengi wao. Hakuna kiongozi, hakuna kuongea. Alitaka waone jinsi kundi la dagaa linavyogeuka pamoja bila kuamrishwa na yeyote.

Na kweli, walipoanza wamebanana, kila mtu na upande wake, punde kundi zima lilishika njia moja. Raha iliyoje! Lakini walipotawanyika uwanja mzima, lo, huyu akaishia chooni, yule getini. Shamsia akayachora matokeo yote mawili kwenye bango la maonyesho.

"Futa huo mchoro wa pili," akasema Kulwa, mwenyekiti wa klabu. "Kesho mgeni anachagua klabu ya kwenda mashindano ya mkoa. Unataka tuaibike?"

"Sifuti. Ndivyo ilivyotokea."

"Basi tupige kura. Wengi wape!"

Mikono ikainuka, hata wa Adila, shoga yake wa chanda na pete. Shamsia alichomwa moyo, machozi yakamlengalenga, lakini bango hakuliachia.

"Wapeni wengi uenyekiti! Ukweli haupigiwi kura. Kama hamnitaki, nitoeni!"

"Umeshatoka," akajibu Kulwa, na wenzake wakachora bango jingine.

Kesho yake mgeni, Bwana Sixbert, alilisoma bango la Kulwa akauliza, "Je, mkiwa mmetawanyika?"

"Tunafuatana vilevile, mwalimu," akajibu Kulwa.

"Haya, nionyesheni."

Wakatawanyika, wakaanza kutembea. Kila mmoja akashika njia yake. Kulwa jasho likamtoka. Hapo Shamsia akajitokeza na bango lake, bila kuitwa.

"Shikamoo, mwalimu. Hili tulilijua tangu jana. Wakiwa mbali, hakuna jirani wa kumfuata."

"Marahaba! Sasa hii ndiyo hisabati. Klabu itakwenda, kwa bango hili."

"Na mimi?" Kulwa akauliza kwa sauti ndogo.

"Utakwenda, na mchoro wa pili utaueleza wewe," akasema Mwalimu Klementina, aliyekuwa amesimama kando. "Adila amenisimulia yote. Kanuni usiyojua inashindwa wapi, hujaijua. Na jana kila mmoja wenu alitazama mkono wa jirani ndipo akainua wake. Wanangu, niliwafundisha jinsi kundi linavyofuatana. Sikuwafundisha kufuatana kwenye uongo."