Hadithi ya Sauti Kutoka Nyota ya Mbali

"Huyu anayekuandikia 'nimeipata, njoo peke yako' ni nani?"

Fundi friji alisimama katikati ya sebule, simu ya mchumba wake mkononi. Mchumba mwenyewe, dereva wa gari la wagonjwa, ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuoga.

"Nipe simu yangu."

"Harusi mwezi ujao, wewe unaitwa peke yako?"

"Ni muuza vitabu. Basi."

"Toka lini vitabu vikaitana faragha?"

Dereva alimpokonya simu, akavaa haraka, akatoka bila kuaga. Fundi akabaki akizunguka sebuleni. Mwishowe akasema liwalo na liwe, akamfuata.

Akamwona akiingia kwenye duka la vitabu vya mtumba. Njia nzima fundi alikuwa amejipa moyo kwamba muuzaji atakuwa kizee. Wapi! Alikuwa mwanamume mtanashati, mwenye sauti ya taratibu.

"Nimewafuma!"

"Tukifanya nini?" muuza vitabu aliuliza. Mikono yake ilikuwa imejaa vumbi. Mezani palikuwa na jarida kuukuu, pembe zimeliwa na mende.

Dereva hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha fundi.

"Unakumbuka ile hadithi niliyokuambia niliisoma darasa la sita? Msichana anafanya kazi kwenye nyota ya mbali, sauti yake inachukua miaka kufika nyumbani. Mama yake anaongea naye kila siku kwa redio, hajui kama kuna anayesikia. Nilisahau jina la hadithi, nikasahau na mwisho."

"Nakumbuka."

"Ulisemaje?"

"Nilisema mtu mzima hahangaiki na hadithi za maroketi."

"Ukacheka mpaka ukashika mbavu. Ukaenda kuwasimulia na dada zako. Mimi niliisoma wakati mama yuko ng'ambo kikazi, sijui kama atarudi."

"Hilo hukuniambia."

"Ulinipa nafasi?"

Muuza vitabu akakohoa kidogo. "Nilimwita peke yake kwa sababu alisema hataki kulia mbele za watu. Kaka, sijamtongoza mchumba wako. Ila katika kuitafuta hadithi hii, amenisimulia mambo ambayo ilipasa uyajue wewe. Ningekuwa wewe, hilo ndilo lingeninyima usingizi."

Maneno hayo yalimchoma fundi kuliko fumanizi lenyewe.

"Nisamehe," alimwambia mchumba wake. "Kwa fujo hii, na kwa kile kicheko."

"Harusi isubiri. Shangazi yako asigawe zile kadi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nijue naolewa na mtu ninayeweza kumwambia hata jambo la kipuuzi."

Fundi alivuta kigoda, akaketi.

"Nisomee basi."

Dereva alimtazama kwanza, akipima kama ni utani. Kisha akafungua jarida. Alisoma polepole, na alipofika ukurasa wa mwisho sauti ikaanza kukatika. Mama wa kwenye hadithi alikuwa keshazeeka, yuko jikoni anaongea peke yake kama kawaida, mara redio ikakoroma na sauti ya mwanawe ikaingia: "Mama, nayasikia yote. Endelea."

Dereva akalia kama mtoto. Fundi hakumwambia anyamaze. Alimshika mkono tu, na kwikwi zilipopungua akauliza:

"Mama mkwe alirudi lini?"

"Nikiwa kidato cha pili. Nilimpita pale uwanja wa ndege, sikumtambua. Yeye ndiye aliyeniita."

"Ulijisikiaje?"

Muuza vitabu alijitia ana maboksi ya kupanga nje, akawaachia duka. Dereva akaanza kusimulia, tena mambo aliyokuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote. Fundi alisikiliza. Simu yake ya kazi iliita, akaizima bila kuangalia ni nani.

Walipotoka, jua lilikuwa limeshuka. Walitembea hadi kona ya nyumbani.

"Mpigie shangazi yako," dereva alisema.

"Nimwambie nini?"

"Kadi za harusi azigawe."